Colin McRae: Dereva wa kweli aliye nyuma ya gemu ya rally unayoipenda

Kama umewahi kushika pedi ukaendesha gari la rally kwenye barabara ya changarawe, huku sauti ya jamaa aliyeketi kando yako ikikutajia kona zinazokuja, basi tayari unamjua Colin McRae. Hata kama jina lenyewe hujawahi kulisikia. Gemu ya kwanza iliyobeba jina hilo ilitoka mwaka wa 1998, na karibu kila gemu ya rally uliyocheza baada ya hapo imekopa kitu kutoka kwake.

Ukiwa umezaliwa baada ya mwaka 2000, ni rahisi kudhani McRae ni mtu wa kubuni kama Mario. La hasha. Alikuwa Mskoti wa damu na nyama. Alishinda Safari Rally hapa Kenya mara 3. Alikuwa bingwa wa dunia. Na alifariki mwaka wa 2007, akiwa na miaka 39 tu.

Kaa hapo nikupe hadithi yake. Ukiijua utaelewa kwa nini gemu yake ilikuwa kali kuliko nyingi za wakati ule. Utaelewa pia kitu kimoja ambacho gemu, hata iwe kali vipi, haiwezi kukufundisha.

Mtoto wa nyoka

McRae alizaliwa tarehe 5 Agosti 1968 katika mji mdogo wa Lanark, Uskoti. Babake, Jimmy McRae, hakuwa dereva wa kubahatisha. Alikuwa bingwa wa rally wa Uingereza mara 5. Kwa hivyo Colin alikua akiona magari yenye matope yakiingia na kutoka nyumbani, na mdogo wake Alister pia aliishia kuwa dereva wa rally. Mtoto wa nyoka ni nyoka, si ndio?

Lakini baba na mwana hawakuendesha kwa mtindo mmoja. Jimmy alikuwa mtu wa mahesabu, asiyepoteza chochote barabarani. Colin alikuwa moto. Alianza na pikipiki za mashindano akiwa kijana, akaja kwenye gari dogo la Mini, kisha akaingia rally kwa gari la Talbot Sunbeam. Kufikia 1987 alikuwa ameshajaribu duru yake ya kwanza ya mashindano ya dunia, WRC, kule Sweden. Aliendesha Vauxhall Nova, gari ambalo leo ungeliona ungesema ni la kwenda sokoni.

Kabla hatujaendelea, tuelewane kuhusu rally. Hizi si mbio za Formula 1 ambapo magari yanabanana kwenye kona. Gari moja linaachiliwa, baada ya muda linafuata lingine, na kila mmoja anapigana na saa. Barabara imegawanywa mikondo. Anayejumlisha muda mdogo zaidi ndiye mshindi. Hakuna kuzunguka sakiti mara 50 hadi ukariri kila kona. Unaiona kona mara moja au mbili tu kwa kasi ya mashindano, unaipita, imekwisha.

Ndiyo maana kuna watu wawili garini. Dereva anashika usukani, na mwelekezi anasoma daftari waliloandika pamoja walipokuja kukagua barabara. Kona ni kali kiasi gani, kuna jiwe upande gani, mbele ya kilima kuna nini. Dereva anaendesha kitu asichokiona, kwa kuamini sauti ya mwenzake. Shika hilo, tutalirudia.

Jina la utani lisilopendeza

Mapema miaka ya 90, timu ya Prodrive iliyokuwa ikisimamia magari ya Subaru ilimchukua McRae. Alishinda ubingwa wa Uingereza mwaka wa 1991 na 1992. Kasi haikuwa shida. Shida ilikuwa kulifikisha gari nyumbani. Katika rally ya Finland mwaka wa 1992 alipindua gari zaidi ya mara moja, mafundi wakawa wanalinyoosha, yeye anarudi barabarani. Na bado alimaliza nambari 8! Watu wakaanza kumwita McCrash.

Mwaka wa 1993 akaja Kenya. Hapa ndipo stori inakuwa tamu kwetu. Subaru hawakumletea gari kubwa. Walimletea Vivio, kigari chenye injini ya cc 660. Hiyo ni injini ndogo kuliko za pikipiki nyingi kubwa unazoona mjini. McRae alikiendesha kana kwamba ni gari la ubingwa, hadi suspensheni ikasalimu amri na safari yake ikaishia hapo. Mkenya mwenzetu Patrick Njiru, akiwa kwenye Vivio kama hiyo hiyo, alijua lini abonyeze na lini aachilie. Akafika mwisho, akashinda kitengo chake na kumaliza nambari 12 kwa jumla.

Gari aina moja, barabara moja, matokeo mawili tofauti. Safari ya zamani ilikuwa na tabia hiyo. Haikuuliza nani ana kasi zaidi, iliuliza nani bado ana gari.

Baadaye mwaka huo huo McRae alishinda duru yake ya kwanza ya WRC, kule New Zealand. Mwaka wa 1994 akashinda RAC Rally nyumbani Uingereza, kitu ambacho hakuna Mwingereza wala Mskoti aliyekuwa amekifanya tangu 1976.

1995: Amri ya bosi

Mwaka wa 1995 Subaru ilikuwa na madereva wawili moto: McRae na Mhispania Carlos Sainz, ambaye tayari alikuwa bingwa wa dunia mara 2. Ikiwa imebaki duru mbili msimu uishe, walifika Uhispania, nyumbani kwa Sainz. Timu ikaamua magari yabaki yalivyo, Sainz mbele, ili wasije wakaharibiana na kupoteza pointi.

McRae hakukubali. Aliendelea kukanyaga mafuta hadi akampita Sainz kwa muda, huku watu wa timu wakijaribu kumpungia mkono apunguze. Mwishowe alilazimika kufika kituoni akiwa amechelewa makusudi ili apigwe adhabu ya muda, na Sainz akapewa ushindi. Jiweke kwenye viatu vyake. Umeshinda barabarani, halafu unaambiwa ujichelewesha mwenyewe ili mwenzako apewe kikombe.

Matokeo yake yalikuwa kama sinema. Wote wawili walifika duru ya mwisho, RAC Rally, wakiwa na pointi 70 kila mmoja. Hapo hakukuwa na amri ya bosi tena. McRae alipata pancha, akarudi nyuma, kisha akaanza kula muda wa Sainz mkondo kwa mkondo katika misitu ya matope na baridi. Alishinda kwa sekunde 36. Akawa Mwingereza wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa rally, na bingwa mdogo zaidi kuwahi kutokea, akiwa na miaka 27.

Gari lake lilikuwa Subaru Impreza ya buluu, yenye maandishi ya 555 ya manjano na rimu za dhahabu. Sasa tazama barabara za Nairobi. Ukiona Impreza ya buluu yenye rimu za dhahabu ikinguruma, mwenye gari ajue asijue, anavaa sare ya Colin McRae.

Gemu iliyokataa kukusamehe

Baada ya ubingwa, miaka miwili mfululizo alimaliza nambari 2 nyuma ya Tommi Mäkinen wa Finland. Mwaka wa 1997 ilikuwa kwa pointi 1 tu. Mwaka huo ndio aliposhinda Safari kwa mara ya kwanza, akiwa na mwelekezi mpya kutoka Wales, Nicky Grist. Kumbuka jina hilo la Grist.

Wakati huo, kampuni ya gemu ya Uingereza iitwayo Codemasters ilikuwa inatafuta jinsi ya kuweka rally ndani ya PlayStation na kompyuta. Walimchukua McRae awape ushauri na jina lake. Colin McRae Rally ikatoka mwaka wa 1998.

Ili uelewe uzito wake, angalia gemu zilizokuwepo. Sega Rally ilikuwa tamu, lakini ilikuwa ya kukimbizana na magari mengine kwenye barabara chache, unamaliza kwa dakika kadhaa. Gran Turismo ilikuwa na magari ya kumwaga na ilionekana kama kitu cha kweli, ila gari halikuharibika. Ungeweza kugonga ukuta kwa makusudi ili ukusaidie kupinda, kisha ukaendelea kama kawaida. Usijifanye hujui mbinu hiyo.

Gemu ya McRae ilikuja na sheria nyingine. Ya kwanza, uko peke yako na saa. Ya pili, barabara zina tabia. Theluji ya Sweden, lami ya Corsica, vumbi la Ugiriki, matope ya Uingereza, na kila mahali gari linateleza kivyake, kwa hivyo matairi uliyochagua kabla ya kuondoka yanaweza kukumaliza.

Ya tatu ndiyo iliyonasa watu: uharibifu unabaki. Ukigonga mti kwenye mkondo wa kwanza, gari linaingia mkondo wa pili likiwa bado limeumia. Linavuta upande, gia zinasumbua. Ukifika kwa mafundi unapewa muda maalum wa kutengeneza, na muda huo hautoshi kila kitu. Utengeneze breki au suspensheni? Uache taa? Kosa la dakika moja unatembea nalo nusu ya rally.

Na ya nne, ile sauti. Mwelekezi ndani ya gemu alikuwa Nicky Grist mwenyewe, yule yule aliyekuwa akiketi kando ya McRae kwenye mashindano ya kweli. Kila kona ilikuwa na namba. Namba ndogo ni kona kali, 6 ni karibu kunyooka. Usipomsikiliza, uko mtaroni. Ghafla ulijikuta unacheza gemu kwa masikio kuliko kwa macho.

Hiyo ndiyo siri ya gemu nzuri ya magari, kwa maoni yangu. Grafiki zinazeeka haraka. Ukiiangalia ile ya 1998 leo, miti inafanana na karatasi zilizokatwa kwa makasi. Kinachobaki ni gemu kukufanya uogope kona. Na uoga huo unakuja tu pale kosa linapokuwa na gharama.

Kenya ndani ya gemu, Kenya ya kweli

Toleo la pili, Colin McRae Rally 2.0, lilitoka mwaka wa 2000 na safari hii Kenya ilikuwemo. Udongo mwekundu, barabara ndefu za kunyooka, vumbi. Lakini hata gemu ile ilipunguza chumvi. Ndani yake barabara ilikuwa tupu, ni wewe na upepo.

Safari ya kweli ya miaka ile haikuwa hivyo hata kidogo. Barabara hazikufungwa. Dereva wa rally angeweza kupanda kilima akakutana na matatu, punda, ng'ombe wa mtu au twiga. Kwa sababu hiyo timu kubwa zilikuwa na helikopta zikiruka juu ya gari, mtu wa juu akimwonya dereva kwa redio kuhusu kilicho mbele. Magari yalifungwa vyuma mbele na bomba refu la kupumulia ili injini isinywe maji mtoni. Umbali wa kushindana ulizidi kilomita 1,000, wakati rally nyingi za leo zinacheza kwenye kilomita 300 hivi.

Sasa jiulize. Yule jamaa wa McCrash, aliyeua Vivio mwaka wa 1993, angefanya nini kwenye barabara kama hizo? Alijifunza. Mwaka wa 1999 alikuwa amehamia Ford na gari jipya kabisa, Focus, ambalo lilikuwa bado halijashinda chochote. Ushindi wake wa kwanza ulikuja hapa, kwenye Safari, duru ya 3 tu tangu lizaliwe. McRae alishinda kwa zaidi ya dakika 10. Mtu aliyejulikana kwa kupindua magari alikuwa amelibembeleza gari ambalo halijazoea barabara hadi likafika mwisho, kwenye rally inayovunja magari kuliko zote.

Julai 2002 akarudia tena. Alimshinda Harri Rovanperä wa Finland aliyemaliza nambari 2. Huo ulikuwa ushindi wake wa 25 katika WRC, rekodi wakati huo. Hakuna aliyejua, lakini ulikuwa pia wa mwisho kwake. Na ilikuwa mara ya mwisho Safari kuwa kwenye ratiba ya dunia hadi ilipoturudia mwaka wa 2021. Kwa miaka 19, jina la mwisho kwenye orodha ya washindi wa Safari ya WRC lilikuwa McRae.

Moto haukuzimika

Usidhani alikuwa amegeuka mtu wa pole pole. Mwaka wa 2000 kule Corsica, Focus yake iliruka barabara ikatua bondeni ikiwa imepinduka. Alivunjika mfupa wa shavu. Mwaka wa 2001 aliingia duru ya mwisho, Uingereza, akiongoza kwa pointi 1. Angeweza kuendesha kwa akili akapata ubingwa wa pili. Akakanyaga, akapinduka mapema. Richard Burns, mpinzani wake kutoka Uingereza, akawa bingwa kwa tofauti ya pointi 2.

Burns naye alishinda Safari mara 2, na naye alipewa gemu yake, Richard Burns Rally ya 2004, ambayo mpaka leo watu wanaiongezea magari na barabara. Alifariki mwaka wa 2005 kwa uvimbe wa ubongo, akiwa na miaka 34.

McRae alimaliza msimu wa 2003 na Citroën bila ushindi, kisha akabaki bila timu ya kudumu. Akajaribu Dakar. Akajaribu saa 24 za Le Mans mwaka wa 2004, gari lake likamaliza nambari 3 katika kitengo chake. Agosti 2006 alienda X Games, Marekani, ambako watu wengi hawakuwa wanajua rally ni nini. Aliruka tuta ndani ya uwanja, gari likatua vibaya, likapinduka na kurudi juu ya magurudumu. Mtu mwingine angezima injini. Yeye alikanyaga mafuta gari likiwa limebomoka na akamaliza nambari 2, nyuma ya Travis Pastrana kwa chini ya sekunde moja.

Ndivyo mashabiki walivyompenda. Si kwa sababu hakuanguka. Ni kwa sababu alianguka na akaendelea.

15 Septemba 2007

Mbali na magari, McRae alikuwa rubani wa helikopta yake mwenyewe. Jumamosi ya tarehe 15 Septemba 2007 alikuwa anarudi nyumbani Lanark. Karibu kabisa na kwake, helikopta ilianguka kwenye bonde lenye miti. Alikufa pamoja na mwanawe wa miaka 5, mtoto mwingine wa miaka 6 rafiki ya mwanawe, na rafiki mmoja wa familia. Mkewe na bintiye hawakuwa ndani.

Uchunguzi wa mahakama ya Uskoti ulitoa matokeo yake mwaka wa 2011. Leseni yake ya urubani ilikuwa imekwisha muda. Na vifo hivyo, mahakama ikasema, huenda vingeepukwa kama asingeingia bondeni akiruka chini chini wakati hakukuwa na haja wala usalama wa kufanya hivyo.

Ni sentensi ngumu kusoma ukiwa shabiki. Wapo wanaopenda kuiruka wakieleza maisha yake, wabaki na yale ya buluu na dhahabu. Mimi naona tukiiruka tunamfanya kuwa katuni. Moyo ule ule uliomfanya akatae amri kule Uhispania, uliomwinua kwenye X Games, ndio uliokuwa kwenye helikopta siku ile. Tofauti ni kwamba kwenye rally alikuwa na mwelekezi aliyevaa helmeti kando yake, aliyejua hatari na kuichagua. Ndani ya helikopta walikuwemo watoto wawili ambao hawakuchagua chochote.

Ukiwa nyuma ya Subaru ya beste yako kwenye Thika Road saa saba usiku, na mshale wa spidi unapanda, hilo ndilo swali: ni nani amechagua hapa? Kama jibu ni dereva peke yake, una haki ya kusema apunguze, au ushuke. Si uoga huo. Hata bingwa wa dunia alihitaji mtu wa kumwambia kona inayokuja ni ya namba gani.

Ukitaka kukutana naye

Gemu ya kwanza ya Dirt ilitoka Juni 2007, miezi michache kabla afariki, ikiwa na jina lake. Dirt 2 ya 2009 iliweka sehemu ya kumkumbuka. Kuanzia Dirt 3 jina likaondolewa, lakini ukoo ni ule ule. Mwaka wa 2020 DiRT Rally 2.0 ilipata nyongeza yenye magari yake ya Subaru na barabara za Uskoti, ambapo unarudia nyakati za maisha yake moja baada ya nyingine. EA Sports WRC ya 2023 nayo imetengenezwa na Codemasters hao hao, na Safari Rally Kenya imo.

Na rekodi yake ya bingwa mdogo zaidi? Ilidumu miaka 27. Mwaka wa 2022 kijana wa miaka 22 aliivunja, na mwaka huo huo akashinda Safari pale Naivasha. Anaitwa Kalle Rovanperä. Ndiyo, mtoto wa Harri, yule aliyemaliza nyuma ya McRae hapa Kenya mwaka wa 2002.

Kwa hivyo siku ukifungua gemu yoyote ya hizo, usikimbilie kuongeza spidi. Zima kwanza muziki na uache uharibifu wa gari uwe kamili. Kisha msikilize jamaa aliye kando yako, kwa sababu yeye ameshaiona kona kwenye daftari na wewe bado.